Ni baya kweli, au ni baya kwako tu? Njia mbili za kuyaelewa maadili, zikiwekwa sambamba

Watu wawili wakibishania kina cha mto, wanajua la kufanya: watafute kamba, waifunge jiwe, waitumbukize, wapime. Wakibishana kama bluu inapendeza kuliko kijani, wanajua pia la kufanya: waachane, kila mmoja na rangi yake. Lakini wakibishana kama ilikuwa haki kuvunja ahadi ili kumnusuru mtu wa tatu, mara nyingi hawajui hata ubishi wao ni wa aina gani. Ni ubishi wa kamba na jiwe, wenye jibu hata kama jibu lenyewe halijapatikana? Au ni ubishi wa rangi?

Swali hili haliishii darasani. Mtu anapokujibu "hayo ni maoni yako" baada ya kumwambia kwamba amemdhulumu mwenzake, amekwisha kuchagua upande, pengine bila kujua. Nawe unapokasirishwa na jibu hilo, umechagua pia. Nataka kuziweka pande hizi mbili sambamba, nionyeshe kila mmoja unatoa nini na unadai gharama gani, kisha niseme mimi nimesimama wapi. Nitakaa zaidi kwenye jambo moja, nalo ni kukosea, kwa sababu naona hapo ndipo mizani inapolalia.

Kila upande unasema nini hasa

Upande wa ukweli unasema hivi: kauli kama "kumtesa mtoto kwa kujifurahisha ni vibaya" ni kweli, na ingebaki kweli hata kama kila aliye hai angefurahia kufanya hivyo. Ubaya hauletwi na chuki yetu. Chuki yetu ndiyo inayoitikia ubaya uliokwisha kuwapo. Mwanafalsafa Immanuel Kant, mwaka 1785, aliutafuta mzizi wa ukweli huo katika akili yenyewe. G. E. Moore, mwaka 1903, alisema wema ni sifa ya aina yake, isiyoweza kufasiriwa kuwa ni raha, faida wala kitu kingine cha kimaumbile. Wawili hawa hawakubaliani kwa mengi, ila wote wanakataa kwamba sisi ndio tunaoamua.

Upande wa maoni ni nyumba yenye vyumba kadhaa. Chumba cha kwanza kinasema kwamba "ni baya" maana yake ni "mimi silipendi". Cha pili kinasema maana yake ni "jamii yetu hailikubali". Cha tatu, kilichotetewa na A. J. Ayer mwaka 1936, kinasema kauli hiyo haielezi chochote: ni kama kuguna kwa karaha, na mguno hauwi kweli wala uongo. Kuna na chumba cha nne ambacho wengi hukisahau. J. L. Mackie, mwaka 1977, alisema kwamba tunapoliita jambo baya tunadai kwa dhati ukweli usiotegemea mtu, ila ukweli huo haupo, kwa hiyo madai yetu yote ya namna hiyo ni ya uongo. Kwangu Mackie ndiye mkweli kuliko wenzake wa upande huo, maana hajifanyi kwamba watu wa kawaida walikuwa wakimaanisha kitu kidogo kuliko walichosema.

Yanayochanganywa na yasiyostahili kuchanganywa

Wengi huukimbia upande wa ukweli kwa sababu wanadhani unadai mambo ambayo haudai. Kusema kwamba ukweli wa maadili hautegemei maoni si kusema kwamba kanuni hazina udhuru. Fikiria kipimo cha dawa. Hubadilika kwa uzito wa mgonjwa, kwa umri wake, na kwa maradhi mengine aliyo nayo. Hakuna kipimo kimoja kinachowafaa wote. Hata hivyo, kwa mgonjwa huyu, leo, kuna kipimo kitakachomponya na kuna kitakachomuua, na maoni ya daktari hayabadilishi kipi ni kipi. Vivyo hivyo mtu anaweza kushikilia kwamba uongo ni mbaya katika hali nyingi, na kwamba unakuwa wajibu pale muuaji anapobisha hodi akimtafuta mtu aliyejificha kwako, na bado akashikilia kwamba yote mawili ni kweli. (Kant mwenyewe, katika makala ya mwaka 1797, alikataa uongo hata mbele ya muuaji huyo. Wengi wanaomheshimu wameona kwamba hapo alipita kiasi, nami naungana nao.)

Wala si kusema "mimi nayajua yaliyo mema". Ni kinyume chake. Ukweli ukiwa nje yangu, ndipo ninapoweza kuukosa. Anayeamini kwamba mto una kina chake ndiye mwenye sababu ya kuogopa kwamba amepima vibaya. Anayeamini kwamba kina ni vile anavyokiona yeye hana cha kuogopa, na hana sababu ya kupima tena.

Kukosea

Nilipokuwa mwanafunzi tulikuwa na mwenzetu mwenye kigugumizi. Tulimwigiza. Ukawa mchezo wa kila siku: mmoja anaanza, mwingine anadakia, darasa zima linaangua kicheko. Naye alikuwa akicheka pamoja nasi. Hakuna aliyekemea, wakubwa waliosikia walitabasamu wakapita. Ungetuuliza mmoja mmoja siku zile, mimi nikiwemo, ungeambiwa kwamba hakuna ubaya wowote, ni utani tu. Ungeiuliza jamii ile ndogo kwa ujumla wake, jibu lingekuwa lilelile.

Baada ya miaka mingi nilikutana naye, nikamwomba radhi. Alinijibu kwa utulivu, akilipa kila neno muda wake: "Nilijua siku zilezile kwamba mnanionea. Ila nilikuwa peke yangu."

Sasa litie tukio hili kwenye mizani. Kwa chumba cha kwanza, zamani nilisema kweli niliposema kwamba kwangu si vibaya, na leo nasema kweli ninaposema kwamba kwangu ni vibaya, na kati ya siku zile na leo hakuna nilichokigundua. Nimebadilika tu, kama mtu aliyeacha kuipenda rangi fulani. Lakini hakuna anayeomba radhi kwa kuwa zamani alipenda kijani. Kwa chumba cha pili mambo yanazidi kuharibika: aliyekosea ni yeye, kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyekwenda kinyume na maoni ya kundi. Kwa Ayer hakuna aliyekosea kabisa. Sisi tulitoa sauti yetu, yeye akatoa yake moyoni, na sauti mbili haziwezi kukanushana.

Siwezi kuyakubali matokeo hayo. Yule kijana alijua jambo ambalo sisi hatukulijua. Neno lenyewe ndilo hilo, kujua, na upande wa maoni hauna mahali pa kuliweka.

Likuze tukio hilo lifike kwenye historia. Aristotle aliandika kwamba kuna watu ambao kwa maumbile yao ni watumwa, na kwamba hali hiyo inawafaa wao wenyewe. Kwa karne nyingi baada yake utumwa ulikuwa na sheria, mahakama, na wasomi wa kuutetea. Brazili iliufuta mwaka 1888. Mauritania iliufuta kisheria mwaka 1981. Kama ubaya ni kile ambacho jamii inakikataa, basi kila aliyeupinga utumwa kabla ya kufutwa alikuwa amekosea, na akawa sahihi siku wenzake walipozidi kwa idadi. Yaani hoja zake zilikuwa batili asubuhi zikawa sahihi jioni, wakati aliyekuwa akichapwa mijeledi hakubadilika hata chembe. Haiwi. Waliopinga walikuwa wakiwaonyesha wenzao jambo lililokuwa kweli tayari.

Upande wa maoni unaweza kusema kwamba maadili yamebadilika. Ni vigumu kwake kusema kwamba yameboreka, maana kuboreka kunadai kipimo ambacho si maoni ya jana wala maoni ya leo.

Kwa haki, upande huo una jibu, na lililo bora kati ya niliyoyasoma limetoka kwa mwanafalsafa Mwingereza Simon Blackburn. Yeye anaona kwamba mtu anaweza kuanza na hisia na bado akaifikia lugha ya kukosea bila ulaghai. Kusema "nilikosea" ni kusema kwamba kama ningekuwa na huruma zaidi, habari kamili zaidi, na subira zaidi ya kufikiri, nisingeushika msimamo ule. Ni jibu la mtu makini, na linakiokoa chumba cha Ayer kwa kiasi kikubwa. Wapo pia wanaosema kwamba jamii inaweza kujikosoa kwa tunu zake yenyewe: wenye watumwa walihubiri upendo kwa jirani, kwa hiyo walijipinga wenyewe. Sawa. Lakini kwa nini kuboreka kuwe huruma zaidi na si ukali zaidi? Mtu akituambia kwamba nafsi yake iliyoboreka ni ile iliyojifunza kutomhurumia yeyote, tutamwambiaje kwamba amekosea njia bila kuazima kipimo kutoka upande wa pili? Na jamii isiyojipinga popote, inayodhulumu bila unafiki wowote, itakosolewa kwa lipi? Hapo Blackburn anaweza kusema tu kwamba sisi, kwa hisia zetu, tunaikataa. Ni kweli tunaikataa. Nilichotaka kujua ni kama tuko sahihi.

Tofauti za jamii

Hapa upande wa maoni unajisikia nyumbani, na hoja yake ni ya kale. Herodotus, Mgiriki aliyeandika historia katika karne ya 5 kabla ya Kristo, anasimulia kwamba mfalme Darius wa Uajemi aliwaita Wagiriki waliokuwa kwenye baraza lake akawauliza ni kwa malipo gani wangekula maiti za baba zao. Wakasema hakuna malipo yanayotosha. Kisha akawaita watu wa India walioitwa Callatiae, ambao desturi yao ilikuwa kuwala wazazi wao waliofariki, akawauliza ni kwa malipo gani wangewachoma moto kama Wagiriki walivyofanya. Wakapiga ukelele, wakamsihi asitamke maneno ya namna hiyo.

Mackie aliipa hoja hii sura ya kisasa. Maelezo yaliyo mepesi zaidi ya tofauti hizi, alisema, ni kwamba watu huyakubali maisha waliyokulia. Mtu haishi na mke mmoja kwa kuwa amegundua kwamba hilo ndilo sahihi. Anaona ndilo sahihi kwa kuwa ndivyo wanavyoishi kwao.

Jibu la kwanza la upande wa ukweli ni kwamba ubishi hauonyeshi kutokuwapo kwa jibu. Katika karne ya 19 madaktari walibishana kama kipindupindu huletwa na hewa chafu au na maji. Mwaka 1854, jijini London, John Snow alionyesha jinsi waliokufa walivyokuwa wengi karibu na pampu moja ya maji, na hata baada ya hapo wengi hawakumkubali kwa miaka. Ugonjwa haukungoja waafikiane. Upande wa maoni utajibu mara moja: Snow alikuwa na ramani na pampu, nyinyi mna nini? Jibu hilo linauma, nami nitalirudia.

Jibu la pili nalipenda zaidi. Itazame tena hadithi ya Darius. Wagiriki na Callatiae walishangaana kwa sababu wote wawili waliamini kwamba mzazi aliyefariki anastahili heshima. Walitofautiana kuhusu tendo gani linaibeba heshima hiyo. Mwanafalsafa wa Ghana Kwasi Wiredu alisisitiza sana kutenganisha desturi na maadili. Namna ya kuzika, ya kuoa, ya kusalimiana ni desturi, na zina haki zote za kutofautiana. Kuyajali ya mwenzako kwa kujiweka mahali pake ndiyo maadili, na bila hayo hakuna jamii ya wanadamu inayoweza kusimama. Kiswahili kina methali inayolibeba wazo hilo kwa ukali: mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu. Anayeambiwa methali hiyo haambiwi kwamba ladha yake inatofautiana na ya msemaji. Anaambiwa kwamba maumivu ni maumivu, na kwamba kuyahesabu pale tu yanapokupata wewe ni kukosa hesabu.

Si tofauti zote zinazoyeyuka hivyo. Nyingine ni za kina kweli, kwa mfano kama maisha ya mtu mmoja asiye na hatia yanaweza kutolewa kwa ajili ya watano, na hapo watu waliosoma vilevile na kufikiri vilevile huachana njia. Kwa hiyo alama hapa naupa upande wa maoni, ila alama chache kuliko inavyodhaniwa.

Tunajuaje?

Sasa pale upande wangu ulipo dhaifu. David Hume, katika kazi yake iliyotoka mwaka 1739 na 1740, aliona kwamba waandishi wa maadili huanza na sentensi za "ni" na "si", kisha ghafla wakaingiza "yapasa" na "haipasi" bila kueleza walivyovuka. Mackie aliongeza kwamba ukweli wa maadili, kama upo, ni kitu kigeni kisicho mfano wake duniani: kitu ambacho kwa kuwapo tu kinakudai utende, na ambacho ungehitaji fahamu ya kigeni vilevile ili ukitambue. Gilbert Harman, mwaka huohuo wa 1977, aliuliza swali rahisi. Mwanafizikia akiona alama kwenye chombo chake, tunaieleza alama hiyo kwa kusema kwamba kweli chembe imepita. Mimi nikiona tendo ovu mtaani nikashtuka, mshtuko wangu unaelezeka wote kwa malezi yangu. Ubaya wenyewe umefanya kazi gani katika maelezo hayo?

Sharon Street aliipeleka hoja hii mbali zaidi mwaka 2006, na ya kwake ndiyo inayoninyima raha. Mielekeo yetu ya msingi, kama kuwapenda watoto wetu, kulipa wema kwa wema na kumchukia msaliti, ilichongwa na uteuzi asilia, yaani kudumu kwa sifa zinazowasaidia viumbe kuishi na kuzaa, kwa sababu iliwasaidia waliotutangulia. Uteuzi asilia haufuatilii ukweli wa maadili. Basi ama mielekeo yetu imeangukia juu ya ukweli huo kwa bahati, bahati kubwa mno. Ama tuseme kwamba kuujua ukweli huo ndiko kulikowasaidia kuishi, na hilo ni maelezo ya kisayansi yaliyo dhaifu kuliko kusema kwamba mielekeo yenyewe iliwasaidia, iwe ya kweli isiwe.

Jibu lenye nguvu kuliko mengine niliyokutana nayo huanza kwa kuuliza kama maadili yako peke yake katika hali hii. "Yakupasa uamini kile ambacho ushahidi unakionyesha" nayo ni kauli ya "yapasa". Haionekani kwa darubini, haina uzito wala rangi, na inakudai hata kama hutaki. Anayesema kwamba hakuna "yapasa" ya kweli hata moja, kisha akataka niikubali hoja yake kwa kuwa ushahidi unaiunga mkono, anaegemea kilekile anachokikana. Hisabati nayo haishikiki kwa mkono, lakini hatusemi kwamba kutokuwapo kwa namba tasa ya mwisho ni maoni ya Euclid.

Hilo linaonyesha kwamba ugeni peke yake si kosa. Halionyeshi ni kwa njia gani tunaufikia ukweli wa maadili, wala kwa nini tuiamini njia hiyo. Kwenye swali hili upande wa maoni uko mbele, na anayekuambia vinginevyo anakufichia gharama.

Na mwenye dini je?

Msomaji anayemwamini Mungu anaweza kusema kwamba mambo yamekwisha: Mungu ameamrisha, basi ni kweli. Lakini waumini wenyewe waligawanyika hapa kwa umakini mkubwa. Katika kalam, yaani theolojia ya Kiislamu, wanazuoni wa kundi la Wamu'tazila walifundisha kwamba akili inaweza kujua kwamba dhuluma ni mbaya, na kwamba Mungu huikataza kwa kuwa ni mbaya. Abu al-Hasan al-Ash'ari, aliyekuwa mmoja wao kabla ya kuwaacha na aliyefariki katika karne ya 10, alifundisha kwamba jema ni aliloliamrisha Mungu na baya ni alilolikataza, wala hakuna kipimo kilicho juu Yake. Kwa Wakristo, Thomas Aquinas wa karne ya 13 alishika kwamba akili ya mwanadamu inaweza kuitambua sheria ya maadili iliyomo katika maumbile. Na kabla ya wote hao, Plato alikwisha kumfanya Socrates aulize kama uchaji hupendwa na miungu kwa sababu ni mwema, au ni mwema kwa sababu unapendwa. Kwa hiyo imani inakutoa kwenye maoni ya wanadamu, lakini swali la nini kinalifanya jema liwe jema bado inakuachia.

Uvumilivu, na neno fupi kuhusu lugha

Nimewaona watu wapole wakiuchagua upande wa maoni kwa sababu ya unyenyekevu: mimi ni nani hata niwahukumu wengine? Nauheshimu moyo huo. Mwaka 1947, Umoja wa Mataifa ulipokuwa ukiandaa hati ya haki za binadamu, bodi ya Chama cha Anthropolojia cha Marekani ilitoa tamko la kutilia shaka kwamba hati moja ingeweza kuwafaa watu wote. Iliogopa kwamba wenye nguvu wangeziita tunu zao haki za dunia nzima. Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu lilipitishwa tarehe 10 Desemba 1948, nchi 48 zikikubali, 8 zikijizuia, bila hata moja kupinga. Mwaka 1999 chama hichohicho kilipitisha azimio la kuziunga mkono haki hizo.

Hofu ya 1947 ilikuwa na msingi. Lakini tazama ilikuwa hofu ya nini: kwamba ni vibaya mwenye nguvu kumlazimisha mnyonge. Hilo ni dai la kimaadili, tena linalomhusu kila mtu. Ukilifanya kuwa maoni, mkoloni naye ana maoni yake, na ya kwake yana bunduki. Mwenye kuupenda uvumilivu kwa dhati anauhitaji uwe mwema kweli.

Kuhusu lugha nasema kwa ufupi, ingawa wataalamu wamelijadili sana tangu Peter Geach alipolikazia mwaka 1965. Sema: "Kama kusengenya ni vibaya, basi kumchochea mwenzako asengenye ni vibaya pia." Anayesema hivyo hajaguna wala hajakasirika, pengine haoni ubaya wowote katika kusengenya. Hata hivyo sentensi inaeleweka, na unaweza kuitumia kujenga hoja. Miguno haijengi hoja. Wafuasi wa Ayer wamehangaika na jambo hili kwa miongo mingi, kwa werevu mkubwa, na ufumbuzi wao umekuwa mgumu kuliko tatizo lenyewe.

Uchukue upi

Kama linalokusumbua kuliko yote ni vipi kitu kama wajibu kinaweza kuwapo katika dunia ya mawe, chembe na nyota, upande wa maoni utakukaa vizuri zaidi. Ila chukua toleo la Blackburn au la Mackie. Usichukue lile la "kila mtu na lake", ambalo ndilo linalosikika zaidi mitaani na ndilo lililo dhaifu kuliko yote. Na ujue unacholipia: siku utakapoonewa, neno "umenionea" litabeba kidogo kuliko ulivyotaka libebe.

Kama huwezi kukubali kwamba mtumwa aliyelalamika alikuwa tu na ladha tofauti na bwana wake, njoo upande wa ukweli. Gharama yake ni kwamba utadaiwa sababu kila mara. Huwezi kusema "ndivyo ninavyohisi" ukaondoka. Utadaiwa pia kumsikiliza unayempinga, kwa kuwa huenda ni wewe uliyepima vibaya. Ukipenda kujua wengine wamesimama wapi, utafiti wa mwaka 2020 wa PhilPapers, tovuti ya maandiko ya falsafa, uliwauliza wanafalsafa swali hili: takriban asilimia 62 walikubali au kuelekea upande wa ukweli, na takriban asilimia 26 upande wa kuukana. Ukweli hauamuliwi kwa kura, lakini takwimu hiyo inamfaa kuijua anayedhani kwamba kila aliyesoma amekwisha kuhamia upande wa maoni.

Kuna waliojenga katikati, na mimi nimeegemea huko, karibu zaidi na ukingo wa ukweli. T. M. Scanlon, mwaka 1998, alieleza kwamba tendo ni baya linapokatazwa na kanuni ambazo hakuna mtu angeweza kuzikataa kwa sababu za haki, iwapo wote wanatafuta kanuni za kuishi pamoja. Ukweli wa namna hii haukai nje kama jiwe chini ya mto. Unakaa katika sababu ambazo watu wanaweza kupeana wakitazamana usoni. Hapo ugeni aliouogopa Mackie unapungua, na kukosea kunabaki na maana kamili: sisi darasani hatukuwa na sababu yoyote ambayo tungeweza kumpa yule kijana. Hoja ya Street haijaondoka kwa hilo. Hata uwezo wetu wa kupima sababu una historia yake katika maumbile, nami bado sijaliona jibu lililonitosheleza.

Kama umesoma mpaka hapa na bado huna uamuzi, fanya hivi. Tafuta jambo moja ulilolitenda zamani, ambalo siku zile uliliona sawa na leo linakuumiza. Lisiwe jambo la watu wengine wala la kwenye historia, liwe lako. Kisha jiambie kwa sauti sentensi mbili, moja baada ya nyingine: "Nimebadilika." "Nilikosea." Kama ya kwanza inatosha kueleza kilichotokea, upande wa maoni ni wako, na una wenzako wenye akili ndani yake. Mimi nimelijaribu hilo kwa kigugumizi cha mwenzangu. Ya kwanza haikutosha.